Mwarobaini wa Pwani na Mwarobaini wa Bara

Ni miti michache nchini Kenya ambayo sifa zake zimeenea kama za mwarobaini. Toka Vanga hata Lamu ni shida kupata kijiji usipoota, na mtu akishikwa na homa, au mtoto akitokwa na upele, au mzee akiumwa na ufizi, jambo la kwanza linalokumbukwa ni majani, magome na vijiti vya mti huo. Jina lenyewe ni sifa: mti wa arobaini, yaani mti unaoponya maradhi arobaini. Hapana orodha ya maradhi hayo arobaini inayokubaliwa na wote, wala haielekei kwamba waliouita hivyo walikuwa na hesabu kamili mkononi. Kwa Waswahili arobaini ni hesabu yenye heshima yake. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Marehemu husomewa arobaini yake. Na mwizi, wasema watu, siku zake ni arobaini. Sifa za mti huo zimekwisha kuvuka mpaka wa uganga, hata siku hizi wanasiasa na waandishi wa magazeti wakidai kwamba wamepata dawa ya rushwa au ya ukosefu wa kazi, husema wamepata mwarobaini wake.

Jina likipata sifa kubwa namna hiyo huanza kusafiri peke yake, na mti ukabaki nyuma. Katika sehemu nyingi za bara, ukimwomba mtu akuonyeshe mwarobaini atakupeleka kwa furaha mpaka kwenye mti uliosimama uani kwake, mti mzuri wenye kivuli na majani machungu, nao sio ule wa pwani. Ni jamaa yake wa karibu. Wataalamu wa mimea huuita huo wa bara *Melia azedarach*, na ule wa pwani *Azadirachta indica*. Wote wawili ni wa ukoo mmoja na mkangazi, ule mti wa mbao nyekundu. Walakini matunda ya huo wa bara yana sumu inayoweza kuua mnyama, na hata mtoto.

Basi mtu na afikiri jambo ambalo laweza kutokea katika nyumba yo yote. Kijana wa bara ameajiriwa ukarani Mombasa. Anaugua homa, mama mwenye nyumba anamchemshia majani ya mwarobaini, naye anayanywa kwa taabu, maana ni machungu kama shubiri, kisha anapona, ama kwa dawa hiyo ama kwa sababu siku za homa zimekwisha. Arudipo kwao kwa likizo anamkuta mdogo wake ana homa. Anaikumbuka dawa ile, anauliza kama mwarobaini wapatikana karibu, anaambiwa upo, tena mkubwa, nyuma ya jiko. Nia yake ni njema, jina ni lile lile, na majani kwa mbali yafanana. Hapana hata mmoja katika nyumba hiyo aliyesema uongo.

JINA LILIVYOPANDA BARA

Mwarobaini wa pwani asili yake ni Bara Hindi na Burma, na huko kwao ni mti wa kila nyumba. Uliletwa Afrika ya Mashariki na Wahindi waliokuja kukaa huku, ukaipenda pwani kama kwamba ndiko kwao. Wapenda joto, wavumilia ukame na ardhi ya mchanga, nao huchukia baridi na maji yanayotuama. Ndege na popo hula nyama ya tunda lake na kutupa mbegu ovyo, na kwa hiyo umeota hata katika magofu na kando ya barabara pasipo mtu kuupanda.

Lakini mbegu yake haina subira. Ikikaa majuma machache tu baada ya kuanguka, aghalabu imekwisha kufa, na mtu akiichukua mfukoni mpaka Nyeri au Kericho na kuisahau, hatapata kitu. Na hata ikiota, baridi ya huko haiipendi.

Ndugu yake naye ametoka Asia, lakini tabia yake ni mbalimbali. Kokwa yake ni ngumu na hukaa muda mrefu bila ya kuharibika. Mti wenyewe wastahimili baridi, hukua upesi, hutoa kivuli, kuni na nguzo, na maua yake ni mazuri kutazama. Kwa sababu hiyo watu waliupanda katika nchi nyingi za dunia, na hapa kwetu ukapandwa katika nyua, shule na masoko ya nchi zilizoinuka. Watu wa bara waliposikia habari za mwarobaini kutoka kwa jamaa zao waliofanya kazi pwani, wakautafuta, waliuona mti huu wenye majani yanayofanana na uchungu unaofanana, wakaupa jina hilo. Wajaluo wana jina lao wenyewe la mti huo, nao huuita dwele, lakini jina la mwarobaini limewafikia wao pia.

Watu wa pwani nao hawakukosa kuona kwamba jina limeanza kugawanyika. Ule wa kwao wengine huuita mkilifi, na wengine husema mwarobaini kamili. Neno hilo "kamili" latosha kumwambia msikilizaji kwamba upo mwingine ambao haukukamilika.

JINSI YA KUITAMBUA

Alama iliyo bora kupita zote ni jani, kwani jani hupatikana wakati maua na matunda hayapo. Msomaji na achume jani zima, tangu pale linaposhikana na tawi, asichume kipande tu cha ncha. Katika mwarobaini wa pwani ataona uti mmoja mrefu, wa urefu wa shibiri moja au mbili hivi, na juu ya uti huo majani madogo yamepangwa pande mbili kama mbavu za samaki. Kila jani dogo limepinda kama mundu na kingo zake zina meno ya msumeno. Hapo basi, hapana zaidi: uti mmoja, na majani madogo juu yake.

Katika ule wa bara uti wa jani umegawanyika tena. Toka uti mkubwa hutoka vitawi pande zote mbili, na majani madogo yamepangwa juu ya vitawi hivyo, wala si juu ya uti mkubwa. Mara nyingine vitawi navyo hugawanyika tena. Jani zima likitandazwa juu ya meza hujaza nafasi pana kama pembe tatu, hali lile la pwani ni refu na jembamba. Mtu akiisha kuyaona majani mawili hayo yamelazwa pamoja, hawezi kukosea tena. Na mwalimu wa shule ambaye ana jamaa pwani angefanya vema kuagiza jani moja katika bahasha, awaonyeshe wanafunzi wake.

Maua yakiwapo, kazi huwa nyepesi zaidi. Ya mwarobaini wa pwani ni madogo, meupe, yenye harufu kama asali. Ya ndugu yake yana rangi ya zambarau iliyopauka, na katikati ya kila ua pana kijineli cha zambarau nzito. Nayo yananukia vizuri, kwa hiyo harufu haitoshi kuamua.

Matunda ndiyo yapasayo kuangaliwa kwa makini kwa sababu ya sumu. Tunda la pwani ni la mviringo mrefu, kama zabibu ndefu au zeituni, na likiiva huwa la manjano, lina nyama kidogo yenye utamu, na ndani yake kwa kawaida mna mbegu moja. Tunda la bara ni la duara kama gololi ya watoto. Likiiva huwa la manjano, kisha hunywea na kukunjamana, lakini halianguki upesi. Majani yakipukutika yote wakati wa kiangazi, vishada vya matunda hubaki vinaning'inia juu ya matawi matupu, na huonekana toka mbali. Kokwa yake ina mifuo ubavuni na tundu la asili katikati, na kwa sababu hiyo katika nchi nyingi watu huitunga uzi na kuifanya shanga na tasbihi. Mwarobaini wa pwani ni nadra kubaki mtupu bila majani.

Ipo hatari nyingine ndogo ya kuchanganya. Ukambani, na katika nchi kavu nyingine za Kenya, umeota mti wa asili ambao Wakamba huuita mukau, na wataalamu *Melia volkensii*. Huu ni ndugu wa tatu. Jani lake limegawanyika mara mbili kama la ule wa bara, bali maua yake ni meupe kama ya ule wa pwani, basi mtu atakayetazama rangi ya ua peke yake atapotea. Tunda lake ni kubwa zaidi, lina kokwa nene iliyo ngumu kama jiwe. Mukau ni mti wa mali. Mbao zake haziliwi na mchwa, na mbuzi hulishwa majani yake wakati wa kiangazi nyasi zinapokwisha. Aliye nao shambani mwake ana akiba ya mbao, wala hana sababu ya kuutafutia jina la kuazima.

SUMU ILIYO KATIKA TUNDA

Kwamba matunda ya *Melia azedarach* yana sumu ni jambo lililojulikana kwa muda mrefu katika nchi nyingi, toka Australia mpaka Afrika ya Kusini na Marekani. Nguruwe ndio wanaojulikana zaidi kwa kufa, kwa kuwa huokota kila kinachoanguka chini ya mti; mbwa, kondoo na ng'ombe nao wamepata kudhurika. Mnyama aliyekula hutapika au kuharisha, hutokwa na udende, huyumbayumba, na mwisho hushikwa na mitukutiko kama ya degedege. Watoto wamepatwa na mambo hayo hayo, na wengine wamekufa.

Ndege huyala matunda hayo na kuruka zao. Mtoto anayewaona ndege wakila hudhani kwamba na yeye aweza kula, na mzazi naye asiyejua hudhani hivyo hivyo.

Jambo linalowapoteza watu wazima ni kwamba sumu hiyo hailingani katika miti yote. Mti wa mahali hapa huweza kuwa na sumu nyingi, na wa mahali pale kidogo. Ndiyo maana mtu husema kwa uhakika kwamba kwao wamekunywa majani ya mti huo tangu zamani wala hakufa mtu, naye asema kweli, lakini kweli yake ni ya mti ule wa kwao tu. Wachina wametumia gome la mti huu kwa karne nyingi kuwaua minyoo wa tumbo, na wao wenyewe huliogopa, maana kipimo kinachoua mnyoo na kipimo kinachomdhuru mgonjwa vimekaribiana sana. Dawa ya namna hiyo haifai kuchemshwa katika sufuria ya nyumbani na kunyweshwa kwa kukisia.

Hayo yote hayana maana kwamba mti ukatwe. Kivuli chake ni kizuri, kuni zake zafaa. Inatosha watoto wakatazwe matunda, na zizi la nguruwe lisijengwe chini yake.

KAZI ZA MWAROBAINI WA PWANI

Mwarobaini kamili nao hauna budi kuwekwa mahali pake. Matumizi ya zamani ni mengi. Kijiti chake hutafunwa kikawa mswaki. Maji ya majani yaliyochemshwa huogeshwa mtu mwenye upele au tetekuwanga ili kuondoa mwasho. Majani makavu hutiwa katika magunia ya mahindi na kunde ili wadudu wasiingie. Na kwa homa, majani huchemshwa yakanywewa, au mgonjwa hujifukiza chini ya shuka.

Katika mambo hayo, lile la wadudu ndilo lililothibitishwa kwa nguvu zaidi. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona katika nchi ya Sudan kwamba nzige walipovamia na kumaliza kila jani, miarobaini ilibaki na majani yake. Mwaka 1968 wataalamu wa Uingereza waliitoa katika mbegu za mti huo dawa iliyoitwa azadiraktini, ambayo huwafanya wadudu wakatae kula, na wale wadogo washindwe kujivua magamba na kukua. Mkulima wa pwani aweza kuitumia bila duka. Mbegu hukaushwa kivulini, hubanguliwa, kiini kikatwangwa. Gramu 50 za unga huo huloweshwa katika lita moja ya maji usiku kucha, kisha maji huchujwa kwa kitambaa na kunyunyiziwa mboga. Inafaa kunyunyiza jioni, kwa sababu jua huimaliza nguvu ya dawa hiyo upesi.

Katika homa mambo si mepesi hivyo. Katika maabara, vitu vilivyotolewa katika majani na mbegu za mwarobaini vimepata kuwadhuru vijidudu vya malaria vilivyofugwa ndani ya vyombo, lakini toka chombo cha maabara hata mwili wa mtoto ni safari ndefu, na safari hiyo mwarobaini haujaimaliza. Mafuta ya mbegu yameonyesha ubaya wake waziwazi: huko Malaysia na Bara Hindi watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo walitapika, wakalala usingizi usio wa kawaida, wakashikwa na degedege, na wengine wakafa. Wanawake wenye mimba nao huonywa wasinywe dawa za mti huu, kwa kuwa majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba zaweza kuharibu mimba. Kunawa kwa maji yake ni kitu kimoja, na kunywa ni kingine.

HATA WENYE ELIMU

Asidhani mtu kwamba kuchanganya miti hii ni ujinga wa mashambani. Jina la *azedarach* limetoka katika maneno mawili ya Kiajemi, *azad dirakht*, ambayo maana yake ni mti huru, au mti mtukufu. Mtaalamu mashuhuri wa Uswidi, Linnaeus, alipoandika majina ya mimea ya dunia katika mwaka 1753, aliiweka miti yote miwili katika jamii moja, akaiita mmoja *Melia azedarach* na mwingine *Melia azadirachta*. Karani awaye yote aliyepata kunakili barua za ofisi ataona mara moja hatari ya majina mawili yanayoachana kwa herufi tatu nne tu. Ilichukua miaka 77, hata 1830, ndipo Mfaransa Adrien de Jussieu alipoutenga mwarobaini katika jamii ya peke yake.

Habari ya ajabu zaidi ni ya dawa ya malaria yenyewe. Wachina walikuwa na kitabu cha karne ya 4, cha mganga Ge Hong, kilichosema kwamba mwenye homa aloweshewe mmea uitwao *qinghao* katika maji, kisha ukamuliwe na kunywewa. Tu Youyou na wenziwe walipolishika jambo hilo katika miaka ya 1960 na 1970, walikuta kwamba jina la *qinghao* lilikuwa limepewa mimea kadha wa kadha inayofanana. Mmoja tu kati yao ndio uliokuwa na dawa, nao ni *Artemisia annua*. Kama wangeshikilia jina bila ya kuupambanua mmea, pengine wangeokota mmoja wa ile mingine, wakaona haufai kitu, wakakitupa kitabu. Mwaka 1972 waliipata dawa iliyo safi, na mwaka 2015 Tu Youyou akapewa tuzo ya Nobel. Katika vidonge vya malaria ambavyo Serikali ya Kenya ilivichagua mwaka 2004 kuwa dawa ya kwanza, mojawapo ya dawa mbili zilizomo imetengenezwa kutokana na mmea huo.

Na sasa kosa lile ambalo Wachina walilikwepa laweza kuzaliwa upya huku kwetu. Katika milima ya Afrika ya Mashariki huota pakanga, kichaka chenye majani ya kijivujivu na harufu kali, ambacho wazee wamekitumia kwa kikohozi, mafua na maumivu ya tumbo. Hii ni *Artemisia afra*, ndugu wa ule mmea wa Kichina. Watu wamesikia kwamba "artemisia" yaponya malaria, wakakumbuka kwamba pakanga nayo ni artemisia, wakaanza kuinywa kwa malaria. Walakini dawa iliyomo katika ule wa Kichina haimo katika pakanga, au ikiwamo ni chembe isiyofaa kitu. Kuitambua si shida. Pakanga ni kichaka cha miti miti kinachodumu miaka mingi. Mmea wa Kichina hupandwa kila mwaka, majani yake ni ya kijani na mepesi, nao ukiisha kuzaa mbegu hufa. Hata huo wa Kichina ukinywewa kama chai, kipimo chake hakijulikani, na Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutumia majani ya artemisia kwa malaria. Mgonjwa na apimwe damu, apewe vidonge.

Lililotokea mjini Brussels, katika nchi ya Ubelgiji, ni baya kuliko hayo yote, na halikutokea kwa waganga wa kienyeji. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vilivyotiwa unga wa miti ya Kichina. Mojawapo ya miti hiyo ilikusudiwa kuwa *han fang ji*. Uliokuwamo ulikuwa *guang fang ji*, mmea wa jamii nyingine kabisa, wenye sumu ya figo. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika mafigo, na wengi wao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Majina hayo mawili yaachana kwa neno moja tu la mbele. Tena uliouzwa ulikuwa unga, na katika unga hapana jani, ua wala tunda la kutazama. Anayenunua unga wa mwarobaini sokoni, umefungwa katika karatasi au umetiwa ndani ya kopo, amenunua neno la muuzaji tu. Afadhali achume mwenyewe, au anunue tawi lenye majani yake.

MAHALI PA KUULIZA

Wapo waliojitahidi kuyapanga majina haya. P. J. Greenway, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Amani katika Tanganyika, alitunga kamusi ya majina ya Kiswahili ya mimea, na chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1940. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha mwaka 1976 kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki, chenye majina ya lugha nyingi za makabila. Afunguaye vitabu hivyo atashangaa kuona jina moja limeandikwa mbele ya mimea miwili au mitatu. Wenye vitabu hawakukosea. Hivyo ndivyo watu wasemavyo.

Mimea iliyokaushwa ambayo zamani ilihifadhiwa Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, nayo ikawa sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Huko mmea usiojulikana hulinganishwa na ile iliyokwisha kutambuliwa. Atakaye kuuliza habari za mti wake asipeleke jani moja lililonyauka. Na akate kitawi cha urefu wa dhiraa moja hivi, chenye majani mazima na maua, na matunda kama yapo. Akitandaze kati ya kurasa za gazeti lililokwisha kusomwa, jani moja moja lifunuliwe lisikunjike, mengine yageuzwe ili upande wa chini uonekane, kisha aweke juu yake ubao na mawe. Gazeti libadilishwe kila siku mpaka kitawi kikauke, maana likiachwa na unyevu huota ukungu. Matunda makubwa yatiwe katika mfuko wa karatasi peke yake. Katika kipande cha karatasi aandike mahali alipoukuta mti, tarehe, urefu wake, rangi ya maua kabla hayajakauka, kwani rangi hupotea, na jina ambalo watu wa hapo huliita, kwa lugha yao wenyewe.